MUFUPA ULIOVUNJIKA: KAZI HAIISHI SIKU YA PLATRE



Kila mwaka, wakati wa maembe na wakati wa mashindano ya mupira, mmoja wetu anavunjika mukono. Mwenzetu mmoja wa interna alianguka toka juu ya mwembe. Hospitalini walipiga radio, wakanyoosha mifupa, wakafunga platre. Alipofika interna tukasema: « Sasa amepona! » Kumbe, hapana. Hakurudi kwa randevu, kwa sababu mukono haukuuma tena. Platre ilipotolewa, mifupa ilikuwa imeungana, lakini imepinda. Mpaka leo hawezi kugeuza kiganja vizuri. Yeye mwenyewe ameniomba niandike ukurasa huu.

Sherti tujue kwanza: platre haiponyeshe. Inashika mufupa tu usitikisike, na mwili wenyewe unatengeneza mufupa mupya. Kazi ile inaomba kuangaliwa.

Siku za kwanza. Platre inakuwa ngumu kwa dakika chache, lakini kukauka kabisa inaomba karibu siku mbili. Usiiegemeze, usiitie maji. Weka mukono juu ya mto, upite kimo cha moyo, na kuchezesha vidole mara nyingi. Lakini kama maumivu yanazidi sana hata nyuma ya dawa, kama vidole vinakuwa baridi, vyeupe ao vya buluu, kama vinakufa ganzi, ao ukivinyoosha unalia, usingoje asubuhi. Rudi hospitalini saa ile ile, hata usiku. Uvimbe ndani ya platre unaweza kufunga damu, na nyama ya mukono inakufa kwa saa chache tu. Inaomba platre ipasuliwe mbio. Ni vilevile kwa vijiti ambavyo wafungaji wa mifupa wa kijijini wanakaza sana: watoto wamekatwa mikono kwa sababu hiyo.

Randevu ya kwanza. Mara nyingi ni nyuma ya juma moja, na radio ya pili. Juu ya nini radio tena? Uvimbe ukishuka, platre inalegea, na mifupa inaweza kuhama bila kuuma. Juma lile munganga angali anaweza kuinyoosha. Ukichelewa majuma matatu, mufupa mupya umekwisha kushika, na kazi ni nguvu zaidi. Ndiyo randevu ambayo mwenzetu alikosa.

Kungoja. Mukono chini ya kiwiko, kwa mutoto, unaomba karibu majuma sita. Mufupa wa muguu chini ya goti, kwa mutu mukubwa, miezi mitatu ao kupita. Ngozi itawasha: hapana kuingiza biki wala kijiti, kidonda kitaoza ndani. Ukisikia harufu mbaya ao homa, rudi. Na hapana kujikatia platre na kisu eti mashindano yamefika!

Siku ya kuitoa. Mashine inapiga kelele, lakini meno yake yanatetemeka tu, hayazunguke. Kama unasikia moto ao maumivu, sema. Usishituke kuona mukono umekonda na ngozi inabanduka: maji, sabuni na mafuta vitatosha. Kiwiko na kiganja vitakuwa vigumu. Kunja na kunyosha mwenyewe, polepole, kila siku. Mutu asikuvute kwa nguvu. Mupira na kupanda miti, ngoja mpaka munganga akubali, kwa maana mufupa unaweza kuvunjika tena pale pale.

Neno la feza. Siku ya kwanza, muzazi aulize bei ya yote: radio ya pili na kutoa platre pia. Wengi hawarudi kwa sababu feza imekwisha, na wanaona haya kusema. Chunga fishi na picha za radio, uende navyo kila mara.

Na sisi wengine? Tumuandikie mwenzetu masomo, tumubebee ndoo, tumukumbushe tarehe. Wakubwa wa masomo nao, tunawaomba: siku ya randevu ikiangukia siku ya mtihani, mumupe ruhusa. Mtihani unaweza kurudiwa. Mukono uliopinda, ni vigumu kuurudilia.