KUTEMBEA NA KUTEMBELEANA KATIKA MJI WA ZIWA: KINGSTON YA KANADA



Katika Kiswahili chetu neno "kutembea" linafanya kazi nyingi. Mtu anayepita barabarani bila haraka anatembea. Mtu aliyekwenda Bujumbura kwa siku tatu ametembea. Na yule aliyeingia kwa jirani kuomba chumvi akakaa mpaka jioni, ukimwuliza atasema, "Nilitembea tu." Ukipeleka neno hili Kanada linapasuka vipande vitatu, na kila kipande kiko na saa yake na sheria yake.

Tunaandika juu ya jambo hili sababu katika shule yetu wako wengi wenye kaka, dada, shangazi au rafiki wa zamani waliohamia kule, na maneno yanayorudi kwa simu ni yale yale: "Huku hakuna watu. Hakuna anayekuja kunitembelea. Wananichukia." Halafu mama analia, na sisi tunaanza kusema Wazungu wa Kanada wako na moyo wa barafu. Tunaona maneno hayo hayako sawa. Tena yanaweza kuharibu mtu, maana anayeamini kwamba anachukiwa anafunga mlango wake, na akishafunga, kweli hakuna atakayekuja. Basi tueleze namna wanavyotembea na kutembeleana katika mji mmoja wa kule.

Mji wenyewe ni Kingston, katika jimbo la Ontario. (Siyo Kingston ya Jamaica, ambayo wapenda muziki wa darasa la nne wameifikiria tayari.) Uko kwenye mwisho wa mashariki wa Ziwa Ontario, pale pale maji yanapotoka ziwani na kuanza mto Saint-Laurent, unaokwenda mpaka baharini. Watu wa Kalemie wataelewa upesi: ni kama Lukuga inavyotoka katika Tanganyika. Lakini ziwa lao ni dogo kuliko letu. Ontario ni kilometa za mraba karibu 19,000, Tanganyika ni karibu 32,900. Kina cha Ontario ni meta 244, na chetu kinapita meta 1,400. Hatusemi hivi kwa majivuno, ingawa kidogo ni kwa majivuno.

Wenyeji wa kwanza waliita mahali pale Cataraqui. Wafaransa walijenga ngome mwaka 1673, kiisha Waingereza walichukua nchi. Toka 1841 mpaka 1844 Kingston ilikuwa makao makuu ya Kanada ya wakati ule, na nyumba yake kubwa ya mji, yenye kichwa cha mviringo, inatazama ziwa mpaka leo. Nyumba nyingi za zamani zimejengwa kwa mawe ya chokaa ya rangi ya majivu. Chuo kikuu cha Queen's kilianzishwa mwaka 1841 na Kanisa la Presbiteri, na kilikuwa mikononi mwa kanisa mpaka 1912. Sisi wa shule ya Kiprotestanti tumependa kulijua hilo. Katika hesabu ya watu ya 2021 mji ulikuwa na watu karibu 132,000.

Sasa sikieni sababu ya kuchagua mji huu. Wakongomani wengi wa Kanada wanakaa Montreal, Toronto na Ottawa. Kingston iko katikati: Toronto ni mbali kilometa 260 hivi, Montreal karibu 290, Ottawa karibu 200. Barabara kubwa inapita hapo, na gari la moshi la Toronto na Montreal linasimama hapo. Kwa hiyo mtu wa Toronto anayekwenda kwa ndugu zake Montreal anaweza kulala Kingston kwa rafiki, wala safari haikatiki. Inakuwa nzuri zaidi.

Tuanze na kutembea kwa miguu, ambako hakuna shida. Wakati wa joto, mwezi wa sita mpaka wa nane, jua linakawia sana. Mwishoni mwa mwezi wa sita linazama saa tatu kasoro dakika kumi usiku! Watu wanatoka kazini, wanakula, na bado wako na mwanga wa kutosha kutembea kando ya maji. Kuna njia ya miguu inayofuata ziwa, na tangu 2018 kuna gati moja lililotengenezwa makusudi kwa watu wa kuoga na kuruka majini, bila kulipa. Wazee wanakaa kwenye viti, vijana wanaruka. Wakipishana njiani wanasalimu kwa kichwa au kwa neno moja. Hapa mtu wetu anaumia mara ya kwanza, sababu amezoea salamu ya habari za nyumbani, za watoto, za mifugo. Asiumie. Neno lile moja ni salamu kamili kwao.

Nyuma ya nyumba ya mji kuna soko lililoanza mwaka 1801. Siku ya posho, Jumamosi, wakulima wanaleta mboga, asali, na mwezi wa nane mahindi mabichi, ambayo wanachemsha na kupaka siagi. Kubishana bei kama tunavyofanya hapa, hapana. Bei imeandikwa, unalipa. Lakini kuuliza mama mwenye mahindi yametoka shamba gani, hiyo inakubaliwa, na mazungumzo mengi ya mji yanaanzia hapo.

Kuna tena kivuko cha kwenda kisiwa cha Wolfe, mbele ya mji. Kinabeba watu na magari, safari ni dakika 20 hivi, na hakuna anayelipa hata senti moja, maana serikali ya jimbo inahesabu kwamba ile ni barabara kama barabara nyingine. Katika kisiwa kuna mashamba, na mashine 86 kubwa za upepo zinazotoa umeme tangu 2009. Kisiwa hicho ni kikubwa kuliko vyote katika kundi la visiwa vinavyoitwa Visiwa Elfu. Jina linadanganya: wamevihesabu 1,864, vingine vya Kanada, vingine vya Marekani, na vingine ni jiwe lenye miti miwili tu. Watu wenye mashua wanapita katikati yao siku nzima, bila samaki, bila mzigo wa kuuza. Ukiwauliza wanakwenda wapi, hawako na jibu.

Wengine wanapita kwa mfereji wa Rideau, unaotoka Kingston mpaka Ottawa, kilometa 202. Ulichimbwa toka 1826 mpaka 1832, wakiogopa vita na Marekani. Inakadiriwa watu karibu 1,000 walikufa katika kazi ile, na wengi waliuawa na malaria. Ndiyo, malaria, katika Kanada! Siku hizi hakuna vita, wala malaria, na mfereji umeandikwa na UNESCO tangu 2007. Familia zinapita polepole kwa siku kadhaa, zikingoja kwenye milango ya maji, ambayo mingi inafunguliwa bado kwa nguvu za mikono. Pale mlangoni mashua zinasimama pamoja, na watu wasiojuana wanaanza kuongea. Tumeona jambo hili linastahili kuangaliwa: watu hawa hawaogopi kuongea na mgeni. Wanaogopa kuongea wakati saa inawafukuza.

Na hapa tunafika kwenye kutembelea rafiki, ndiyo kiini cha habari.

Huku kwetu mtu anafika tu. Akikuta unapika, atakula. Akikuta umetoka, atangoja. Kingston, kufika mlangoni bila kupiga simu ni kumshtua mwenye nyumba; atafikiri kuna mtu amekufa. Kutembeleana kunapangwa: "Njooni Jumamosi ya tarehe 15, saa kumi na moja." Mara nyingi wanapanga majuma mawili au matatu mbele. Mtu wetu akisikia hivyo anasema ni baridi ya moyo. Lakini hesabuni pamoja nasi. Sheria ya Ontario inampa mfanyakazi vakansi ya majuma mawili kwa mwaka, na matatu baada ya kufanya kazi miaka mitano kwa mkubwa mmoja. Bwana na bibi wote wanafanya kazi. Nyumbani hakuna binamu, hakuna shangazi, hakuna mtoto wa kaka wa kupika na kukaa na mgeni wakati wenyewe hawako. Joto ni miezi mitatu. Gawanya siku za posho za miezi mitatu kwa wazazi, rafiki, harusi na ukarabati wa nyumba: zinabaki ngapi? Anayekupa moja ya zile amekupa kitu.

Ndiyo maana saa iliyosemwa ni saa hiyo. Wakisema saa kumi na moja, chakula kiko tayari saa kumi na mbili, na kimepimwa kwa watu walioitwa. Ukileta wengine watatu bila kusema, mwenye nyumba atacheka kwa meno, lakini moyoni anahesabu sahani.

Ukifika, viatu vinavuliwa mlangoni. Hata mchungaji anavua, sababu ya theluji, matope na chumvi wanayomwaga barabarani. Hauji mikono mitupu. Na mara nyingi kila mgeni anaombwa alete chakula chake, vinawekwa meza moja, wote wanaonja vyote. Hapa tunasema kwa nguvu: dada aliyepeleka sombe asione haya. Kweli ni rangi ya kijani kibichi, kweli watauliza maswali. Lakini swali ni mlango. Baada ya kula, mgeni anaweza kuosha sahani pamoja na wenyeji, hata akiwa mwanamume mwenye diploma. (Ndugu wa bweni la wavulana, mmesoma?)

Jambo linaloumiza kuliko yote ni swali hili: "Utaondoka siku gani?" Huku kumwuliza mgeni hivyo ni kumfukuza. Kule linaulizwa mbele ya mgeni kufika. Mtu wa kwetu anayeomba viza ya kutembea, mwenyeji wake anaweza kumwandikia barua ya mwaliko, na barua ile inataka mambo haya: jina, siku ya kuzaliwa, adresi, kwa nini anakuja, atalala wapi, atakaa muda gani, na atarudi lini. Kwa kawaida mgeni anaruhusiwa kukaa mpaka miezi sita. Tumesikia habari ya jamaa waliovunja urafiki juu ya barua ya namna hii, baba akisema, "Mtoto wangu mwenyewe ananiandikia siku ya kutoka!" Lakini hayakuwa maneno ya mtoto, yalikuwa maneno ya ofisi. Na wazee wetu, je, hawakuhesabu? Nani alisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe?

Tena swali lile liko na faida. Mwenyeji akijua siku zako, anazipanga: siku hii soko, siku hii kivuko, siku hii kupumzika bila kufanya kitu.

Taabu ya kweli ni baridi. Mwezi wa kumi na mbili jua linazama kabla ya saa kumi na nusu jioni, na baadaye maji ya kando ya mji yanaganda. Wale mliowaona kwenye viti vya ziwani wote wameingia ndani. Mtu aliyefika mwezi wa kumi na moja anaona milango tu, na anaandika nyumbani kwamba mji umekufa. Haujafa. Uwanja wa soko umegeuzwa kuwa uwanja wa barafu, watoto wanateleza kwa viatu vya chuma. Mwezi wa tatu, usiku ukiwa bado wa kuganda na mchana una joto kidogo, wanatoboa miti ya mepu, ile ya jani la bendera yao, na kukusanya maji yake. Litre 40 za maji hayo zinachemshwa kupata litre moja ya sharubati, na familia zinakwenda porini kuonja. Lakini hakuna atakayekuja kukukokota.

Basi ndugu aliyeko kule tumwambie hivi kwa simu, badala ya kulia naye: usingoje wageni, alika. Hata chai na mikate inatosha. Sema siku, sema saa, sema mpaka saa ngapi. Jirani aliyekusalimu kwa neno moja mwaka mzima anaweza kuwa alikuwa akingoja wewe useme la pili, sababu kwao kuingia kwa mtu bila kuitwa ndiyo kumdharau. Wewe unangoja aje, yeye anangoja umwite, na theluji inaanguka katikati.

Na kusindikiza? Huku tunasindikiza mpaka kwenye njia panda, na pale tunaanza habari mpya. Kule maagano marefu yanafanyika mlangoni, viatu vimekwisha kuvaliwa, koti limefungwa, na bado wanaongea. Kwa mgeni wa gari la moshi, mwenyeji anampeleka mpaka stesheni kwa gari lake. Akifika Toronto anatuma neno, "Tumefika." Wakati huo kule Kingston kalenda iliyotundikwa jikoni imekwisha kuandikwa tena: mwezi wa kumi, siku ya posho ya pili, majani yakiwa mekundu, jina lake na saa.