Siri za Kikundi Zinakaa Wapi Ndani ya Kompyuta?

Safari hii twataka kuzungumza juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakitumia karibu kila siku na hatujawahi kukiona. Tuanze na kisa chenyewe.

Mnamo Februari 2024 kikundi kimoja cha akina mama upande wa Kitui kilikuwa na laptopu moja, ya kupewa. Kikundi hiki kilikuwa kimejenga bwawa la mchanga, na wafadhili walikuwa wanangojea ripoti kabla ya kutoa pesa za awamu ya pili. Laptopu ikaanza kuwa nzito, ukiiwasha unaweza kwenda kisimani na kurudi kabla haijafunguka. Katibu akaipeleka kwa fundi mjini. Fundi huyo hakuwa mtu mbaya, hata alimwuliza, "Mama, kuna vitu vya maana humu?" Mama akajibu, "Ndiyo, barua na picha za bwawa." Basi fundi akanakili folda ya Documents na vyote vilivyoonekana usoni pa kompyuta, akaviweka kwa flashi, akafuta diski yote na kuweka Windows upya. Mama akalipa, akarudi nyumbani na furaha.

Jioni akafungua Chrome aingie kwa barua pepe ya kikundi. Ikamwuliza neno la siri. Neno gani tena? Kwa miaka mitatu hakuwa ameliandika hata mara moja, Chrome ilikuwa ikimjazia yenyewe. Na namba ya simu iliyoandikishwa kwa ajili ya kurudisha akaunti ilikuwa ya katibu wa zamani, laini iliyokufa kitambo.

Alipokuja ofisini kwetu hakulia. Alituuliza swali moja tu: "Kwani hayo maneno yalikuwa yamekaa wapi?"

Swali hilo lafaa kujibiwa vizuri. Chrome, Firefox, Edge na wenzao ni programu za kuingilia intaneti, ambazo Kiswahili cha siku hizi huziita vivinjari. Programu yenyewe ni sawa kwa kila mtu. Ile ya Wote ni ile ile ya Nairobi, na ikifutika unaichukua tena bure kwa intaneti. Lakini kando yake kuna folda nyingine inayoitwa profaili, na hiyo ni yako wewe peke yako. Humo ndimo yanamokaa maneno ya siri uliyokubali yahifadhiwe, kurasa ulizoziwekea alama, orodha ya kila mahali ulipopita, majina na namba ulizojaza kwa fomu, na mipangilio yako yote, hata ukubwa wa maandishi uliochagua kwa sababu ya macho.

Sasa mbona fundi hakuiona? Hapa kwetu hatuna haja ya mfano wa mbali. Simama kando ya mto Tiva au Thwake mwezi wa Septemba, mgeni atakuambia mto umekauka. Mwenyeji anachimba mchanga na kuteka maji. Windows nayo imeifukia profaili hivyo hivyo. Kwa Chrome iko katika diski C, ndani ya folda ya Users, kisha folda yenye jina lako, kisha AppData, Local, Google, Chrome, User Data, na mwisho Default. Ile AppData haionekani kwa macho mpaka uiambie kompyuta ionyeshe vilivyofichwa. Ilifichwa kusudi, ili mtu asije akafuta kwa bahati mbaya. Nia njema, lakini ndiyo iliyomponza mama yetu.

Kwa Firefox njia inafanana, ila unapita Roaming badala ya Local, kisha Mozilla, Firefox na Profiles. Humo utakuta folda yenye herufi na namba nane zisizo na maana yoyote, ikimalizika kwa default-release. Usiogope, ndiyo hiyo. Edge inaweka zake ndani ya folda ya Microsoft, kwa mpango kama wa Chrome. Na kama hutaki kuchimba kote huko, kuna njia ya mkato: pale juu unapoandika anwani, kwa Chrome andika chrome://version, kwa Firefox andika about:support. Itakuonyesha profaili yako iko wapi hasa.

Ukiifungua utaona mafaili mengi. Ya Firefox yana majina yanayosomeka kidogo. Faili la places.sqlite lina kurasa zenye alama pamoja na historia. Maneno ya siri yako katika logins.json, na ufunguo wake ni key4.db. Moja bila jingine ni kama kufuli ambayo ufunguo wake uko Mombasa. Mipangilio imo ndani ya prefs.js. Ya vidakuzi ni cookies.sqlite.

Hivi vidakuzi, ambavyo vijana huviita kuki, tuvieleze kidogo kwa sababu ndivyo vinavyoleta hasara saiba. Vilibuniwa mwaka 1994 katika kampuni ya Netscape, ili duka la intaneti liweze kumkumbuka mteja na vitu alivyochagua. Ukiingia mahali kwa neno lako la siri, mtandao ule unaiachia kompyuta kijikaratasi cha kukutambua, kama tikiti ya lango. Kesho kompyuta inaonyesha tikiti, mlango unafunguka bila kuulizwa neno lolote. Mlango haujui ni nani ameshika tikiti.

Mnajua jinsi foleni zinavyokuwa saiba za Wote, Emali na Mwingi ifikapo mwisho wa Juni, kila mtu anakimbilia kupeleka taarifa ya kodi kwa KRA. Kijana mmoja wa Makueni alitusimulia kwamba alikalia kiti kilichokuwa bado na joto, akabonyeza, na ukurasa wa kodi wa mzee aliyetoka ukafunguka wote. Jina, namba ya kitambulisho, simu, kila kitu. Kijana huyo alikuwa mwungwana, akaufunga. Je, angekuwa mwingine? Mzee alikuwa amefunga dirisha akadhani ametoka. Kufunga dirisha si kutoka. Ni lazima ubonyeze mahali pa kutoka kwenye akaunti yenyewe.

Kwa hivyo ukienda saiba kwa mambo ya eCitizen, HELB au KRA, mwombe mwenye kiti akufungulie dirisha la faragha, lile linaloitwa Incognito kwa Chrome. Hilo likifungwa, historia na vidakuzi vya wakati huo vinatupwa. Lakini msidanganyike, haliwi blanketi la kufunika kila kitu. Cheti ulichokipakua bado kimebaki katika folda ya Downloads, kakifute mwenyewe. Pia kompyuta ikikuuliza kama ihifadhi neno lako la siri, kataa. Na usikubali kuiunganisha Chrome yenyewe ya saiba na akaunti yako ya Google, maana hapo alama zako na maneno yako ya siri ya nyumbani yaweza kukufuata mpaka pale na kubaki baada yako. Kama umeshafanya hivyo, ingia kwa simu yako katika akaunti ya Google, utafute orodha ya vifaa, ukitoe hicho usichokijua, kisha ubadilishe neno la siri.

Tena kuna desturi ambayo hatuipendi kabisa: mwenye saiba kumfungulia mzee akaunti, kumchagulia neno la siri na kulihifadhi kwa kompyuta yake "ili mzee asisumbuke". Wengi hufanya kwa wema. Hata hivyo Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayokupa haki ya kujua ni habari gani zako mtu anazo, na kudai zirekebishwe au zifutwe. Na Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya mwaka 2018 inamwadhibu anayeingia bila ruhusa, faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Wenye simu je? Kwa Android profaili iko ndani ya eneo la programu yenyewe, huwezi kuichimba kwa mkono. Ila kwa mipangilio ya simu, kwenye orodha ya programu, kuna mahali pa kufuta data. Kubonyeza hapo kunafuta yote, kwa hivyo tofautisheni na kufuta kashe, ambayo ni takataka za kuharakisha kurasa tu.

Turudi kwa laptopu ya kikundi. Kama fundi angenakili profaili, ingesaidia? Hapa jibu ni nusu kwa nusu. Alama na historia zingefunguka. Lakini maneno ya siri ya Chrome yamefungwa na akaunti ya Windows ile ile iliyoyaweka, kwa hivyo Windows ikiwekwa upya faili lipo lakini halisomeki. Inabidi kuyatoa mapema, kutoka sehemu ya maneno ya siri ndani ya Chrome. Yakishatoka ni maandishi wazi, kila mtu anayasoma, basi hiyo flashi isizunguke kijijini ikibeba pia nyimbo za harusi. Firefox ni kinyume chake: ukiifunga kwanza, kisha ukanakili folda nzima ya profaili, maneno ya siri yanakuja yote. Maana yake hata mwizi akiinakili anayapata, isipokuwa kama umeweka neno la siri kuu katika mipangilio yake. Liwekeni.

Sisi twaona kwamba kwa kikundi, daftari bado lina kazi yake. Andikeni neno la siri la barua pepe, mlifungie ndani ya sanduku la mweka hazina pamoja na kitabu cha benki, na kila mnapochagua katibu mpya mbadilishe neno hilo na namba ya simu ya akaunti siku hiyo hiyo, mkutano ukiwa bado unaendelea.

Akina mama wale walimtafuta katibu wa zamani, aliyekuwa ameolewa upande wa Kibwezi. Alikuwa na simu yake ya zamani ndani ya kabati, na akaunti ya kikundi ilikuwa bado wazi humo. Ripoti ilifika kwa wafadhili ikiwa imechelewa siku tisa. Walipokelewa, lakini pesa zilitoka baada ya mvua za Machi kuanza, na ukuta wa pili ukangojea mpaka mto uliposhuka mwezi wa Julai.