Kazi ya Kwanza ya Muuguzi: Baraka na Milima ya Fizi
(Sehemu ya Pili)

Toleo lililopita tulitenganisha muuguzi wa A2, anayetoka ITM (taasisi ya ufundi wa tiba), na wa A1, anayetoka ISTM (taasisi ya juu ya ufundi wa tiba). Leo tumfuate kijana aliyemaliza Bukavu akateremka Baraka, huko Fizi, mashariki mwa Kongo, na bahasha ya makaratasi.

Wengi huanzia hospitali kubwa. Huko ndiko kwenye foleni ya waombaji. Tangu 2003, Madaktari Wasio na Mipaka walipoanza kazi Fizi, wageni waliuona mji wa Baraka kuwa mahali pa mshahara wa dola. Mwishoni mwa 2020, baada ya kushambuliwa, shirika hilo likafunga sehemu kubwa ya shughuli zake huko. Waliokuwa wakilifanyia kazi wakarudi kutafuta nafasi zilezile anazozitafuta mwenye diploma mbichi.

Kwa hiyo, kabla hujauliza kama nafasi ipo, uliza pesa inatoka wapi. Anayepokelewa na serikali anaweza kungoja matrikule (namba ya mtumishi wa serikali) muda mrefu, na hata akiipata, pengine apewe primu (posho) ya hatari bila mshahara wenyewe. Katikati hapo anakula kwa primu ya kituo, yaani mgawo wa pesa wanazolipa wagonjwa. Shirika likija kutibu bure, wagonjwa hujaa na mgawo hukauka, isipokuwa shirika lenyewe lifidie. Ndiyo sababu kituo chenye foleni ndefu mlangoni kinaweza kuwa na wauguzi wenye njaa. Titulere (muuguzi mkuu wa kituo) mkweli atakueleza. Asiyetaka kueleza, naye amekwisha kukujibu.

Mlango ambao wageni huudharau ni kipindupindu. Mwambao wa Tanganyika, Uvira hadi Fizi, ni makao yake ya zamani. Mlipuko ukitokea, mikono inahitajika upesi na kandarasi huwa fupi. Lakini cheti cha kazi hiyo kina uzito: shirika litakalotangaza nafasi baadaye litauliza uzoefu, wala staji ya shuleni haitatosha.

Kisha lugha. Mwenye Kiswahili na Kifaransa peke yake atafanya kazi, ila mama mzee wa milimani huelezea maumivu yake kwa Kibembe, na wakimbizi wa Burundi waliowekwa Lusenda tangu 2015 huzungumza Kirundi. Andika kwenye barua yako lugha unazozijua kweli, kwa maana utapimwa papo hapo.

Kujuana kupo, nisifiche. Hata hivyo, vituo vya Kimbi-Lulenge, mbali na ziwa na karibu na hatari, havina wapwa wengi wanaovigombania. Omba kwa mganga mkuu wa zoni ya afya, ukiwa umekwisha kujiandikisha kwenye Oda ya Wauguzi (Ordre des Infirmiers).

Wanaotazama ng'ambo, Kigoma, wajue kwamba diploma ya Kongo haivuki ziwa peke yake: lazima usajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na kibali cha kazi ni jambo jingine. Hayo ni ya toleo lijalo.