Pensheni Haina Karani wa Kukukatia SHA

Mwalimu aliyefundisha Mwingi au Kibwezi miaka 30 huenda hajawahi kulipia bima ya afya kwa mkono wake. Karani wa mishahara alikata, hati ya mshahara ikaonyesha, basi. Siku anapofikisha miaka 60 makato yale hukoma pamoja na mshahara, na bima nono ya kazini inabaki na wenzake walio kazini. Kuanzia hapo karani ni yeye mwenyewe.

Zamani kazi hiyo ya ukarani ilikuwa nyepesi. NHIF, bima ya taifa ya hospitali iliyoanzishwa mwaka 1966, ilimtoza mlipaji wa hiari shilingi 500 kwa mwezi, yaani 6,000 kwa mwaka, awe na ng'ombe mmoja au arobaini. Tangu 1 Oktoba 2024, SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ilipochukua nafasi yake, kaya isiyoishi kwa mshahara hulipa asilimia 2.75 ya mapato yake, na si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Tena hulipa ya mwaka mzima kwa mara moja. Wastaafu wengi huniuliza kama asilimia hiyo itapanda mwakani. Naona wanatazama upande usio wenyewe. Asilimia imeandikwa kwenye kanuni za mwaka 2024, na kuibadilisha kunahitaji kanuni nyingine. Kinachoweza kubadilika bila kelele ni mapato ambayo mtambo wa SHA unaamini unayo.

Tufanye hesabu. Tuseme pensheni yako ni 18,000 kwa mwezi na huna kingine. Asilimia 2.75 yake ni 495, kwa hiyo mwaka ni 5,940, karibu sawa na NHIF ya zamani. Sasa tuseme tathmini ya SHA, ile inayokadiria mapato yako kwa maswali, imekuona kama kaya ya 30,000. Utalipa 825 kwa mwezi, yaani 9,900. Hizo 3,960 za ziada hazikutoka kwenye sheria mpya yoyote. Zimetoka kwenye majibu ya maswali uliyoulizwa, pengine ukiwa na haraka, pengine ukijibiwa na kijana wa jirani aliyeshika simu yako.

Maswali yenyewe hayaishii kwenye pensheni. Yanauliza nyumba yako ina kuta za nini, paa la nini, sakafu ya nini, maji unayapata wapi, choo ni cha aina gani, unapikia nini, unawashia nini taa, mifugo unayo? Hapa, kwa maoni yangu, ndipo mfumo unapomwonea mstaafu wa Ukambani. Wengi wetu tukipata malipo ya mkupuo tunajenga. Nyumba ya matofali, mabati mazuri, tangi la maji kwa sababu mvua haiaminiki. Miaka 10 baadaye fedha zimekwisha lakini nyumba ingali imesimama, na tathmini inamwona mwenye nyumba kuwa mtu wa uwezo. Jirani yake mwenye lori mbili lakini anayeishi bado katika nyumba ya mama yake anaweza kuonekana maskini kumshinda.

Basi kaa na maswali hayo mwenyewe, au na mtu unayemwamini, kupitia mtandao wa Afya Yangu au *147#, au uende Huduma Centre ya Kitui mjini au ya Wote. Jibu kweli, lakini usijibu kwa fahari. Nimewaona wazee wakihesabu mbuzi waliokwisha kuuzwa, kwa kuwa mtu mzima kuitwa hana mbuzi ni aibu. Mwana aliyejenga kwake na anayejitegemea asiandikwe kama mtu wa kaya yako. Na kiasi ukikiona hakifanani na maisha yako, omba kiangaliwe upya kabla ya kulipa, maana ukishalipa utakosa hata hamu ya kulalamika.

Mshtuko wa bei hizi umekuwa mkubwa zaidi huku kwetu kwa sababu kaunti zetu zilituzoeza vingine. Makueni chini ya gavana Kivutha Kibwana ilianzisha MakueniCare mwaka 2016: shilingi 500 kwa kaya kwa mwaka, na wazee wa zaidi ya miaka 65 wakitibiwa bure katika hospitali za kaunti. Kitui nayo, Charity Ngilu alipokuwa gavana, ikaleta kadi ya shilingi 1,000 kwa mwaka. Mzee aliyezoea 500 kwa mwaka akiambiwa 5,940 hudhani ameibiwa. Hajaibiwa. Kadi ya kaunti ilikuwa msaada wa hazina ya kaunti, na wenye kiti cha ugavana hubadilika. Usiipangie bajeti ya uzee wako wote.

Kuna jambo la tarehe ambalo wengi hawalizingatii. Mchango wa mwaka unatakiwa kulipwa siku 14 kabla ule wa awali haujaisha, na mwezi uliolipa mara ya kwanza ndio utakaokurudia kila mwaka. Fedha za vijijini kwetu nazo zina majira: embe za Makueni huuzwa kuanzia Desemba hadi Machi, na ndengu za Kitui huvunwa Januari na Februari, baada ya mvua za vuli. Bahati mbaya Januari ni mwezi wa karo za wajukuu, na karo haina subira. Kama bima yako inaisha Julai, toa fungu lake Februari hiyo hiyo, uliweke Sacco mahali pasipo na kadi ya kutolea. Serikali ilianzisha mwaka 2025 mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unaokukopesha mchango wa mwaka ukaurudisha kidogo kidogo. Ni afadhali kuliko kukaa bila bima, ila usisahau kwamba ni mkopo.

Anayefikiria kuruka mwaka mmoja, kwa kuwa mwaka uliopita hakuugua, apime bei ya bahati mbaya. SHA hulipia kipindi kimoja cha kusafisha figo shilingi 10,650. Mgonjwa wa mara mbili kwa wiki ni 21,300 kila wiki, zaidi ya pensheni ya mwezi niliyoitolea mfano. Lakini pia usilipie kisicholipiwa. Matibabu ya kawaida bila kulazwa katika zahanati na kituo cha afya hugharamiwa na mfuko wa afya ya msingi, na kinachohitajika ni kusajiliwa tu. Mwenye shinikizo la damu aanzie huko kabla ya kupanda matatu kwenda hospitali ya rufaa. Aweke hata hivyo akiba ndogo ya dawa, kwa sababu kuna siku zahanati huishiwa.

Na tusidanganyane kuhusu watoto walio Nairobi. Makato ya SHA ya mwanao humfunika yeye, mwenzi wake na watoto wake. Hayakufuniki wewe uliyemzaa. Akitaka kukusaidia, na akulipie mchango wa kaya yako kwa jina lako.

Nawageukia walio na miaka 52 au 55, bado kazini. Tangu mwishoni mwa Desemba 2024 sheria ya kodi inaruhusu hadi shilingi 15,000 kwa mwezi unazochangia mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu zisitozwe kodi. Wachache wataimudu yote. Hata 2,000 kwa mwezi kwa miaka 8 ni 192,000 kabla ya faida yoyote. Waulize wasimamizi wa mpango wako wa pensheni kama wana mfuko huo. Kisha, miezi mitatu kabla ya barua ya kustaafu, tenga mchango wa mwaka wa kwanza kutoka kwenye mshahara. Pensheni ya serikali inajulikana kwa kuchelewa, na makato ya mwisho ya mwajiri hayawezi kukusubiri. Hakikisha pia mwenzi wako amesajiliwa na anajua kaya imelipiwa mpaka lini, kwa sababu pensheni ya serikali ya wategemezi hulipwa miaka mitano tu baada ya mstaafu kufariki, na mjane atapaswa kujibu maswali yale ya paa na mbuzi kwa jina lake.