Tabibu aliyeiona kazi ya mgonjwa

Sisi husema kwamba neno kali hukata maini. Matabibu wa jadi wa Uchina wangetuelewa mara moja, kwani kwao ini ndilo liongozalo mwendo wa chi, yaani nguvu ya uhai. (Ini hilo, wanafunzi, si lile la somo la biolojia.) Hasira iliyomezwa huuzuia mwendo huo: kifua hubana, usingizi hupaa, hedhi huvurugika. Wasiwasi usiokoma nao hudhoofisha wengu, na hamu ya chakula ikatoweka.

Dawa mashuhuri ya hali hiyo ni Xiaoyao San, mchanganyiko wa mitishamba uliojulikana tangu enzi ya Song. Jina lake hudokeza kutembea huru, bila bughudha. Lakini ni mwanamke gani mwenye ajira, watoto na jiko linalomngoja atembeaye hivyo? Mitishamba haipunguzi saa za kazi.

Ndiyo maana nampenda zaidi Tan Yunxian, tabibu wa kike aliyeandika mnamo 1511 habari za wagonjwa wake 31, wote wanawake. Mmojawapo alitoka katika jamaa ya wachoma matofali, naye alifanya kazi hadi usiku wa manane. Tan hakuandika dalili peke yake. Aliiandika na kazi hiyo.

Leo mwalimu wa kike akienda zahanati akilalamikia kichwa, atapewa vidonge. Ni nani atakayemuuliza amesahihisha madaftari mangapi usiku, baada ya kuosha vyombo?