Mafuta ya taa: Usimtapishe mtoto aliyeyanywa

Jioni moja nyanya mmoja kutoka Gazi, Kaunti ya Kwale, aliletwa hospitalini akimpakata mjukuu wake wa miaka miwili. Mtoto alikuwa na kiu. Aliona chupa ya soda chini ya meza, akadhani ni maji, kumbe ni mafuta ya taa ya koroboi. Nyanya alimnywesha maziwa, kisha akamtia kidole kooni ili atapike. Alipotufikia, mtoto alikuwa akitweta huku mbavu zikibonyea.

"Daktari, kwani maziwa si dawa ya sumu?" aliniuliza.

La. Hatari kubwa ya mafuta ya taa haiko tumboni bali mapafuni. Mafuta haya ni mepesi na huenea upesi sana. Machache tu yakiponyoka na kuingia njia ya hewa, husambaa mapafuni na kuyachoma. Mtoto anapotapika, mafuta hupita kooni mara ya pili, na maziwa humzidishia kichefuchefu.

Basi ufanye nini? Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya kupikia. Mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi kwa maji na sabuni, kisha umkimbize hospitalini pamoja na chupa ile. Usingoje akohoe. Anaweza kuonekana mzima, kisha akaanza kuhema kwa shida saa chache baadaye. Ndiyo maana daktari humweka chini ya uangalizi kwa angalau saa sita.

Hatari ya pili ni moto. Mafuta ya taa safi hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yapate joto la nyuzi 38 au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata penye baridi kali. Kwa hivyo mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli, hata kidogo, yanaweza kulipua taa au stovu. Nunua kwa muuzaji unayemwamini, na usijaze stovu ikiwa inawaka. Aliyeungua mwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno.

Tena kuna moshi. Mwaka 2014, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mafuta ya taa yasitumiwe majumbani. Anayeweza kupata taa ya sola na aipate. Asiyeweza, afungue dirisha.

Usidhani haya ni ya Gazi pekee. Katika chumba cha kupanga mjini, stovu, maji ya kunywa na mtoto hukaa pamoja. Weka mafuta katika mtungi wenye kifuniko cha kukaza, juu asikofika mtoto, na kamwe si katika chupa ya soda.

Mjukuu yule alitiwa oksijeni, akapona. Nyanya alirudi nyumbani akaitupa ile chupa. Yako iko wapi?