Shahada Ninayo, Leja Siijui

Mwishoni mwa 2021 Serikali ilipokopa IMF na kujenga madarasa 15,000 nchi nzima, kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20. Fedha za sekondari ziliingia kwenye akaunti za shule. Mkandarasi hakuwapo, kwani utaratibu ulikuwa wa fosi akaunti: shule inanunua vifaa yenyewe na kupatana na fundi wa pale pale kijijini. Mimi mwalimu wa Historia, mkuu wa shule huku Uyui, mkoani Tabora, nikawa naunda kamati za manunuzi, mapokezi na ujenzi, nahesabu mifuko ya saruji, nabishana na fundi juu ya kipimo cha mchanga. Usiku naingiza malipo kwenye FFARS, mfumo wa mtandaoni wa hesabu za fedha, mtandao ukikubali.

Na shahada ya uzamili ya uongozi wa elimu nilikuwa nayo! Nilisoma nadharia za Weber na za Maslow, nikaandika tasnifu. Leja sikuonyeshwa. Wala sikufundishwa kuendesha kikao cha bodi ya shule siku ambayo wazazi wamekuja wamenuna.

Sasa vyuo vikuu vinapitia upya mitaala yao kupitia HEET, mradi wa kuboresha elimu ya juu wenye dola milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia. Nafasi ndiyo hii. Nasi wa Tabora tuna la kusema, maana Waingereza walifungua hapa mwaka 1925 shule ya watoto wa machifu, ile aliyokuja kusoma Nyerere. Nia yao ilikuwa kututawala kwa gharama ndogo, hilo halifichiki. Ila waliotunga masomo yake walianza kwa kujiuliza mhitimu atakwenda kufanya kazi gani.

Wanyamwezi walilijua hilo mapema zaidi. Kirangozi, kiongozi wa msafara wa biashara, alikuwa mtu aliyekwisha kuipita njia akiwa na mzigo begani, anayejua maji yako wapi na hongo, yaani ushuru wa njiani, analipwa nani. Bagamoyo, ilikoanzia njia hiyo ya kuja Tabora hadi Ujiji, ndiko iliko leo ADEM, wakala wa Serikali unaowanoa walimu wakuu na wakuu wa shule. Vyuo vikuu vingekaa nao meza moja.

Ningeulizwa mimi, Weber abaki, ana kazi yake. Lakini muhula mzima mwanafunzi aupeleke shuleni, Sikonge au Urambo, chini ya mkuu mzoefu, tena msimu wa tumbaku, watoto wanapobaki shambani na daftari la mahudhurio limejaa sifuri. Afuatilie kaya kwa kaya pamoja na mtendaji wa kijiji. Apokee mabati, akatae yaliyo membamba kuliko geji iliyoagizwa, aandike sababu. Na mtihani wake wa mwisho usiwe insha. Apewe leja yenye hitilafu, aitafute, kisha aieleze mbele ya bodi halisi ya wazazi, kwa Kiswahili, nao wamuulize maswali mpaka waridhike.